Mnaoomba shahada za afya: kabla ya kuuliza chuo gani kizuri, ulizeni mtafundishwa kwenye wodi gani

Mkunga wa Chumbageni

Wakuu, salaam kutoka Tanga.

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haipumziki. Majirani, watoto wa ndugu, kina mama ninaokutana nao kliniki, wote na swali moja: chuo gani kizuri cha afya? Nimeona niandike hapa, wengi wasome kwa pamoja, na wenye kujua kada zao, yaani fani zao za afya, waongeze.

Mimi ni muuguzi mkunga. Sehemu ya kazi yangu ni kuwasimamia wanafunzi wanaoletwa wodini kwa mafunzo ya vitendo hapa mkoani. Wanatoka vyuo vya serikali na vya binafsi, wa stashahada na wa shahada. Kwa hiyo nitakayoandika sikuyatoa kwenye vipeperushi vya vyuo, ninayaona kazini.

Nianze na leba, wodi ya kujifungulia, ninakokujua zaidi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anatakiwa ampokee mama, apapase tumbo ajue mtoto amelalaje, asikilize mapigo ya moyo ya mtoto kwa fetoskopu, ajaze patografu (chati ya kufuatilia uchungu unavyoendelea), na zaidi ya kuijaza aisome: mstari ukivuka afanye nini, amwite nani. Haya yote amefundishwa darasani na amefanyia mazoezi kwa mdoli. Lakini tumbo la mdoli halikazi, na mdoli haulii. Nimepokea vijana wenye alama nzuri kabisa, ukimuuliza mapigo ya kawaida ya mtoto anakujibu papo hapo, 110 hadi 160 kwa dakika. Mpe fetoskopu sasa. Anahesabu, anaandika 88, anatetemeka, kumbe amesikiliza mapigo ya mama. Dawa ya hilo ni kuwa amewahi kushika mama wengi, na kila mara pembeni yake alikuwepo mtu aliyemwambia "hapana, sogeza hapa, shika na mkono wa mama ulinganishe."

Sasa, je, chuo unachokitaka kitakupa mama hao na mtu huyo? Hapo ndipo vyuo vinapoachana, na hapo ndipo wazazi wengi hawaulizi. Wanauliza ada, hosteli, na kama chuo kiko Dar. Nimewahi kuletewa kundi la chuo kimoja wakiwa wengi kiasi kwamba walizunguka kitanda kimoja hadi mama akaniomba niwatoe. Nikawatoa, mama ana haki yake. Lakini wale watoto walilipiwa ada, na siku ile hawakujifunza kitu. Msimamizi wao hakuwepo.

Kwa hiyo ukienda au ukipiga simu chuoni, uliza hivi bila aibu: Tunafanyia vitendo hospitali gani, na ni kuanzia mwaka wa ngapi? Hospitali hiyo ni ya chuo, au chuo kina mkataba nayo? Vyuo vingine vingapi vinapeleka wanafunzi hapo hapo? Mwanafunzi anasimamiwa na nani zamu ya usiku? Ofisi ya udahili ikikujibu kwa mafumbo, usibishane nayo. Nenda kwenye geti la hospitali yenyewe saa za kubadilishana zamu, utawakuta wanafunzi wa mwaka wa mwisho na makoti yao. Wanasema ukweli wote, hata usiouuliza.

Ndiyo maana vyuo vyenye hospitali kubwa ya kufundishia vina uzito. MUHAS, chuo kikuu cha afya Muhimbili, wanafunzi wake wako Muhimbili, Upanga na Mloganzila, na jirani hapo kuna MOI ya mifupa, JKCI ya moyo na Ocean Road ya saratani. CUHAS, chuo kikuu cha afya cha Mwanza, iko hospitali ya Bugando. Moshi wana hospitali ya KCMC. UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, wanatumia Benjamin Mkapa na hospitali ya rufaa ya mkoa wa Dodoma. Mbeya wana hospitali ya kanda. Ifakara, Chuo cha Mtakatifu Fransisko kiko na hospitali ya Mtakatifu Fransisko, nayo inahudumia watu wa vijijini wengi sana, jambo zuri kwa mwanafunzi, maana magonjwa yanakuja yakiwa yamekomaa na wataalamu wa kusukumana kitandani si wengi. Sijavitaja vyote, na kutotajwa hapa si kasoro.

Jambo la pili, leseni. TCU inasimamia vyuo vikuu, NACTVET inasimamia astashahada na stashahada. Lakini atakayekupa ruhusa ya kumgusa mgonjwa ni baraza la kada yako: Baraza la Madaktari Tanganyika, Baraza la Uuguzi na Ukunga, Baraza la Famasi, Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, na mengine. Chuo kinaweza kutambuliwa, lakini kozi mpya kilichoianzisha bado ina maswali mbele ya baraza. Hakikisha kotekote, kwa kozi yako hiyo hiyo, kwa jina lake kamili.

Na hesabu miaka sawasawa. MD, shahada ya udaktari, ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Uuguzi na famasia ni miaka 4 na mwaka wa utarajali. Mzazi anayehesabu mitano tu hubaki anashangaa mtoto bado yuko mikononi mwake.

Karibuni.

---

Binti Kange

Shikamoo dada. Nimemaliza PCB, nina C ya Kemia, C ya Biolojia na D ya Fizikia. Baba anataka MD tu, asikie nimesema kingine anakasirika. Mimi napenda fiziotherapia kwa sababu bibi yangu alipata kiharusi nikaona alivyofundishwa kunyanyuka tena. Nifanyeje?

---

Mkunga wa Chumbageni

Marahaba mdogo wangu. Una pointi 8: C ni 3, C ni 3, D ni 2. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU, ule wa waliotoka kidato cha sita. Humo kila kozi imeandikwa masomo yanayotakiwa, pointi za chini, muda wa kusoma na nafasi zilizopo. Watu wengi husoma safu ya pointi na kuishia hapo. Isome na ya nafasi. Pointi zilizoandikwa ni za kukuruhusu kuomba, halafu mnashindanishwa. Kozi yenye nafasi chache katika chuo kinachotakwa na nchi nzima, mwenye 8 anaweza kuachwa nje bila kosa lolote.

Fiziotherapia inasomwa KCMC kwa kiwango cha shahada, na pale Moshi utamaduni wa tiba za viungo ni wa siku nyingi. Ndipo kilipo TATCOT, kituo cha kufundisha mafundi wa viungo bandia, tangu 1981. Maana yake utasoma karibu na watu wanaotengeneza miguu na wanaofundisha kuitembelea. Na kwa sisi wa Tanga, Moshi si mbali kama baba anavyodhani. Ukishafika Segera, kushoto ni Dar na kulia ni Korogwe, Mombo, Same, Moshi, umbali karibu unalingana.

Kuhusu baba, usimjibu kwa hasira. Mpeleke akaone. Hospitali nyingi za rufaa zina kitengo cha fiziotherapia, muombe mkakae benchi asubuhi moja tu mtazame wanaoingia: waliovunjika kwa bodaboda, watoto wenye mtindio wa ubongo, wazee wa kiharusi. Wazazi wetu wanajua daktari na nesi kwa sababu ndio waliowaona. Bibi yako alinyanyuliwa na mtaalamu wa fiziotherapia, mkumbushe baba jina la kada ya mtu huyo.

---

Maikroskopu Muheza

Dada Mkunga, uzi mzuri, ila nina la kupinga. Kipimo chako cha "wodi kwanza" kinamfaa daktari, muuguzi na mkunga. Sisi wa maabara, na ndugu zetu wa famasia na afya ya mazingira, wodi kubwa peke yake haitusaidii. Kuna hospitali zenye wagonjwa tele, lakini mwanafunzi wa maabara anamaliza mzunguko wake akifanya mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) na mkojo tu, kwa sababu vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vya vipimo vingine havipo au mashine ya FBP (picha kamili ya damu) imekufa.

Kwa kada yangu ninauliza: maabara mnayopeleka wanafunzi ina ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba? Huotesha vimelea kweli (kuvikuza ili vitambulike), au sampuli zinapelekwa kwingine? Mwanafunzi anasoma slaidi za malaria mwenyewe kwa maikroskopu hadi atofautishe aina za vimelea, au anaonyeshwa picha? Mtu aliyesoma slaidi nyingi macho yake huwa tofauti, na hilo halidanganyiki.

Wa famasia aulize kama atapitia hospitali, kiwandani na kwenye udhibiti, maana kuna kazi TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) na viwandani, si kaunta peke yake. Wa afya ya mazingira ndiye asiyehitaji wodi kabisa. Kazi yake iko machinjioni, sokoni, kwenye vyanzo vya maji, bandarini Tanga na mpakani Horohoro. Chuo kinachomfungia darasani miaka mitatu kinamwonea.

Na nyie mnaodhani utafiti ni wa wazungu, kumbukeni majaribio makubwa ya chanjo ya malaria, RTS,S, yaliyoanza 2009. Nchi saba za Afrika zilishiriki, na kwa Tanzania vituo vilikuwa viwili: Bagamoyo chini ya Taasisi ya Afya Ifakara, na hapa kwetu Korogwe chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo ile 2021. Watoto wa Korogwe na Bagamoyo wamo kwenye ushahidi ule, na waliopima sampuli, waliotunza takwimu, waliowafuata watoto majumbani, wengi ni watu wa kada hizi ambazo wazazi hawazijui majina. Mwanafunzi anayependa mambo hayo aangalie chuo chenye uhusiano na kituo cha utafiti.

---

Mkunga wa Chumbageni

Kaka, nimekusoma na nakubaliana nawe. Basi kila mtu aulize mahali ambapo kazi ya kada yake inafanyika, iwe leba, benchi la maabara au bandarini. Ninachosisitiza ni kwamba mahali hapo pawe pa kweli, na pawe na mtu wa kumfundisha.

---

Mzee wa Pongwe

Mwanangu, asante kwa maelezo. Mimi nina kijana amemaliza shule ya Galanos. Kuna bwana amekuja nyumbani, anasema ni wakala wa chuo fulani, nikimpa fedha ya usumbufu kijana anapata nafasi ya udaktari bila wasiwasi na mkopo asilimia mia. Amenionyesha na fomu. Nifanyaje?

---

Mkunga wa Chumbageni

Shikamoo mzee wangu. Usimpe hata shilingi.

Maombi ya shahada yanapelekwa moja kwa moja kwenye chuo husika kupitia mfumo wake wa mtandaoni, kwa ada ya maombi inayotangazwa na chuo. Hakuna wakala mwenye nafasi mfukoni. TCU wenyewe huonya juu ya watu hawa kila msimu wa udahili. Mkopo nao hautolewi na chuo. Unaombwa Bodi ya Mikopo, HESLB, na kijana mwenyewe ndiye anayejaza. Anayeahidi asilimia za mkopo kwa niaba ya Bodi anasema uongo.

Naomba ufanye mambo haya wiki hii. Cheti cha kuzaliwa cha kijana kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa sababu Bodi inakitaka kikiwa kimehakikiwa na watu hukwama hapo dakika za mwisho. Kama kaya iko TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, namba ya kaya iwekwe kwenye maombi. Kama mmoja wa wazazi ametangulia mbele ya haki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Mkopo umegawanyika: ada, chakula na malazi, vitabu, mahitaji ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, utafiti. Fedha ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kijana ajue pia kwamba ni deni: akiajiriwa, anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi.

Kama matokeo yake ni ya juu sana kitaifa kwenye sayansi, kuna Ufadhili wa Samia, ulioanza 2022/23, nao si mkopo.

Na zaidi ya yote mzee wangu, kabla ya kulipa chochote chuo binafsi, piga hesabu ya miaka yote mitano, usipige ya mwaka wa kwanza peke yake. Nimeona vijana wazuri wamekaa nyumbani mwaka wa tatu kwa sababu shamba liliuzwa mwaka wa kwanza na hakuna la pili. Inaniuma kuliko anayefeli mtihani.

---

Nesi Lushoto

Mimi ni muuguzi wa stashahada, GPA 3.2, niko zahanati huku milimani mwaka wa nne sasa. Nataka shahada. Wenzangu wananiambia niruke moja kwa moja MD. Inawezekana?

---

Mkunga wa Chumbageni

Dada hongera kwa kazi ya zahanati, nchi inasimama juu yenu.

TCU hutoa mwongozo wa pili kwa ajili ya wenye stashahada, usichanganye na ule wa kidato cha sita. Kozi nyingi za afya humo zinataka wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, na juu yake zinaangalia masomo yako ya kidato cha nne. Toa cheti chako cha kidato cha nne kabatini ukitazame leo. Wengi wana GPA nzuri, wanaangushwa na Fizikia au Hisabati ya miaka ile. Kwa MD, mlango wa sifa linganishi (wa kuingia kwa stashahada badala ya kidato cha sita) kwa kawaida umeandikwa kwa ajili ya mwenye stashahada ya tabibu. Stashahada ya uuguzi inakufungulia shahada ya uuguzi na ukunga, na mimi sioni hilo kama kushushwa. Muuguzi wa shahada aliyepita zahanati ya milimani anajua kuamua akiwa peke yake usiku, barabara imekatika na gari la wagonjwa liko mbali. Wanaotoka shule moja kwa moja hawana hilo, na wakufunzi wanaliona.

Kama umeajiriwa halmashauri, zungumza na mwajiri mapema. Jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo, upate ruhusa kwa maandishi. Usiondoke kwa maneno ya mdomo.

---

Mjomba Raskazone

Vipi kuhusu nje? Shangazi yake yuko tayari kumlipia China au India.

---

Mkunga wa Chumbageni

Wapo madaktari wazuri waliosoma huko, nafanya nao kazi. Ila maswali ni yale yale na yanakuwa magumu zaidi: je, TCU inakitambua chuo hicho? Akirudi, Baraza la Madaktari linamtaka afanye mitihani gani kabla ya utarajali? Na wodini anaongea na wagonjwa kwa lugha gani? Darasa linaweza kuwa la Kiingereza, mgonjwa akawa wa Kichina. Mwanafunzi asiyeweza kumuuliza mgonjwa "inauma wapi, tangu lini" anatazama tu. Fikirieni pia ya 2022, vita ilipoanza Ukraine na wanafunzi wa udaktari kutoka Afrika wakalazimika kukimbia masomo katikati. Kama shangazi ana uwezo huo, mimi ningemshauri amsomeshe hapa hapa nyumbani, na fedha iliyobaki aiweke kwa ajili ya ubingwa baadaye.

---

Binti Kange

Dada, samahani nimerudi. Awamu ya kwanza imetoka. Nimechaguliwa vyuo viwili: fiziotherapia Moshi, na uuguzi chuo kimoja binafsi Dar. Baba amekubali nisome nitakacho, alikaa lile benchi. Nimetumiwa ujumbe wa namba ya siri, sielewi niiweke wapi.

---

Mkunga wa Chumbageni

Alhamdulillah, nimefurahi sana mdogo wangu! Mpe baba salamu zangu.

Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja. Ingia kwenye akaunti uliyoombea ya chuo unachokitaka, kimoja tu, uweke namba hiyo ndani ya muda uliotangazwa. Usimpe mtu mwingine namba hiyo akusaidie, hata wa stesheneri. Usisubiri siku ya mwisho, mifumo huzidiwa. Ukishathibitisha, rudi uangalie kama imeandika umethibitisha, na uhifadhi ukurasa huo.

Kisha pakua barua ya udahili uisome yote, hasa fomu ya kupima afya. Na jambo moja ambalo wengi hulisahau: anza sasa chanjo ya homa ya ini B. Ni dozi 3, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Ukianza wiki hii, unaweza kumaliza kabla hujapelekwa kwa wagonjwa. Kwanza upimwe, ndipo uchanjwe. Tunza kadi, utadaiwa chuoni.

Wengine mliochaguliwa, andikeni hapa chuo na kozi. Kama kuna anayesoma huko, amjibu mwenzake kuhusu wodi.